Zima Gari, Lala na Joto Lako

Siku hizi lori langu lina mdomo kuliko mimi. Nikisimama bila kuzima, lenyewe linanichongea ofisini: dereva wenu huyu hapa, kasimama, injini inawaka, mafuta yanakwenda. Kidude chenyewe cha kufuatilia gari kimejificha nyuma ya dashibodi, kina kijitaa cha kijani kinachopepesa usiku kucha. Mimi nalala, chenyewe kinaandika.

Ripoti inatoka kila Jumatatu. Kijana wa ofisini, ambaye lori analijua kwa picha, anaipaka rangi. Kijani ni dereva mwema, njano anaonywa, nyekundu ndiyo mimi. Halafu anapiga simu. "Shikamoo mzee. Mzee wangu, sailensa yako wiki hii iko juu sana." Sailensa ndiyo huko kusimama huku injini inawaka. Shikamoo kwanza, kofi baadaye.

Nisimwonee lakini, hesabu zake ni za kweli. Lori kubwa likisimama huku linawaka linakunywa kama lita 3 kwa saa, na ukiwasha AC linaongeza. Kwa usingizi wa masaa 8 hizo ni lita 24, dizeli ya kunisogeza kilomita 60 hivi na mzigo wangu mgongoni. Hapo sina ubishi. Ila hiyo ripoti ina safu ya lita, ina safu ya dakika, safu ya jasho haina.

Kabini ni bati na kioo. Ingia humo saa saba mchana, foleni ya kupakia, injini imezimwa kwa amri, uone. Usukani haushikiki. Ukishusha kioo unapokea vumbi pamoja na moshi wa wenzako ambao mabosi wao bado hawajauziwa kidude. Usiku ukishusha, mbu wanaingia bila hodi. Ukipandisha, unaamka shuka limelowa na shingo imekaza. Na kuna wale jamaa wa mpira na dumu, wao wanampenda sana dereva aliyezima gari. Kimya chote kile, wananyonya tangi taratibu. Mafuta niliyookoa usiku kucha kwa jasho langu yanaondoka alfajiri kwa miguu.

Sasa njoo kwenye foleni ya mzani. Laiti ingesimama tukajua imesimama! Inasogea urefu wa tela moja, inakaa. Nizime? Nikizima tu, wa mbele anasogea, na wa nyuma ananipigia honi utadhani nimekalia urithi wake. Nawasha, nasogea, nazima. Nawasha tena. Stata inalia mpaka inaona aibu. Betri zenyewe ni mbili za volti 12, zimeungwa zitoe 24, moja ikichoka na mwenzake hana la kufanya. Siku stata ikiungua, ripoti haitasema iliungulia kwenye kubana mafuta. Itasema gari limechelewa.

Fundi naye ana dini yake. Ukishapandisha mlima na mzigo, anasema, usizime papo hapo, liache lipumue dakika 3 mpaka 5 turbo, ile feni ya kusukumia injini hewa, ipoe. Na ana haki. Ile turbo inazunguka makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika na inaelea kwenye oili. Ukizima ghafla oili inakatika, ile iliyobaki inaungulia kwenye shafti, siku moja unasikia mluzi kisha unaona moshi wa bluu. Kwa hiyo napumzisha turbo. Kijana anahesabu.

Asubuhi nawasha nisubiri upepo. Breki za lori hizi haziachii mpaka upepo ujae, na usiku mzima umekuwa ukivuja kidogo kidogo. Mlio wa kuonya unapiga, sindano inapanda kwa maringo, mimi nimekaa nimekunja mikono. Kijana anahesabu na hizo. Nilimwuliza, sasa nifanye nini, nilisukume? Akasema atauliza.

Lakini kituko cha vituko ni lile chujio la masizi kwenye ekzosi. Gari likiunguruma muda mrefu bila kwenda, ekzosi haipati moto wa kutosha, masizi yanajazana, taa inawaka kwenye dashibodi. Dawa yake? Uegeshe pembeni, ubonyeze swichi, injini ipandishe mzunguko yenyewe, masizi yaungue kwa joto la nyuzi 600 hivi. Inaweza kuchukua nusu saa, na hutakiwi kwenda popote. Yaani ukitaka kutibu ugonjwa wa kuwasha bila kwenda, uwashe bila kwenda. Wiki hiyo nilikuwa mwekundu mpaka kwenye karatasi ya pili.

Wakaona nina kichwa kigumu, wakaleta programu: lori linajizima lenyewe baada ya dakika 5. Huko California, Marekani, dakika 5 ni sheria ya serikali kwa malori ya dizeli. Kwetu sisi ni sheria ya kijana. Kabla ya kujizima linawasha taa ya kuonya, na hapo ukigusa pedali linakusamehe, linaanza kuhesabu upya. Tingo wangu amejifunza kugusa pedali kwa kidole gumba cha mguu huku anakoroma. Kipaji kile sijui atakipeleka wapi akiacha kazi hii.

Nilijaribu njia ya heshima. Nikamwendea bosi, nikamweleza kuna vijenereta vya kufunga kwenye chesisi, vinaendesha AC ya kabini injini kubwa ikiwa imezimwa, vinakunywa lita moja kwa saa au pungufu. Kuna na AC za betri pia. Hesabu si hiyo, lita 3 kwa moja? Bosi alinisikiliza vizuri, AC yake inavuma taratibu juu ya kichwa chake, akaniambia, "Wazo zuri, ila gharama." Nikakaa kidogo zaidi ofisini mle, si kwa ubishi. Palikuwa na baridi.

Juzi wametangaza dereva bora wa mwezi kwa kubana mafuta. Sailensa yake sifuri, mstari mzima kijani. Wamemtumia kila mtu picha yake, kaandikiwa na maneno ya pongezi, sisi wengine tuige mfano. Tukaitazama picha, tukatazamana. Lori la yule bwana liko gereji tangu mwezi uanze, injini imeshushwa, iko chini kwenye turubai.