Ubingwa wa wanyama wa maabara haupatikani kwa semina ya siku tatu

Chanjo mpya ikitangazwa, pongezi huwaendea watafiti, wafadhili na wizara. Daktari aliyewahudumia wanyama waliotumika katika utafiti huo hatajwi. Mimi ni daktari wa mifugo, na leo namtetea mwenzangu huyo, hasa kwa upande wa mafunzo yake, maana naona huku kwetu tunalichukulia jambo hili kwa wepesi mno.

Chukua ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe na unaowamaliza ndama wetu. Chanjo yake ilitengenezwa Muguga, Kenya, miaka ya 1970, na wafugaji wa Kimaasai kaskazini mwa Tanzania wanaijua vizuri: ndama anachomwa vimelea hai, na hapo hapo anachomwa oksitetrasaiklini, antibiotiki ya kukaa mwilini muda mrefu. Wasiojulikana ni sungura. Kupe wachanga hulishwa kwanza damu ya ng'ombe aliyeambukizwa. Wakishakuwa wakubwa huwekwa kwenye masikio ya sungura, masikio yakafunikwa kwa vifuko, wakaachwa wanyonye siku nne hivi ili vimelea vikomae ndani ya tezi zao za mate. Ndipo kupe hao husagwa kupata chanjo.

Sasa mtazame sungura huyo. Kupe wangapi wanatosha kwa sikio moja, na kuanzia wangapi ni mateso? Akiacha kula leo asubuhi, nani atajua kwamba huyu si mnyama wa kuambiwa "tumwangalie kesho", kwa sababu sungura utumbo wake ukisimama anaweza kufa upesi? Aliyesoma udaktari wa mifugo ametumia muda mwingi kwa ng'ombe, mbuzi, kuku na mbwa. Sungura kapita naye haraka, simbilisi na panya haraka zaidi, nyani pengine hakumgusa kabisa. Kisha anaajiriwa kwenye nyumba ya wanyama wa utafiti, anapelekwa semina ya siku tatu, anapewa cheti. Siku ya nne yeye ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya uhai wa wanyama hao wote.

Panya ndiye anayeonyesha vizuri kwa nini siku tatu hazitoshi. Panya huficha maumivu. Ukiingia chumbani anatulia, na ukipita haraka utaandika "wote wazima" kwenye daftari. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walichapisha namna ya kusoma maumivu usoni mwa panya: macho yanafinywa, pua na mashavu yanatuna, masikio yanarudi nyuma, sharubu zinabadili mkao. Mwaka huo huo wenzao wa Liverpool, Uingereza, walionyesha kwamba panya anayeinuliwa kwa mkia hujaa woga, na yule anayebebwa ndani ya bomba dogo au kwenye viganja vilivyokunjwa hutulia. Mambo haya unaweza kuyasoma jioni moja. Kuyaona, tena kwenye kizimba cha arobaini na kitu baada ya kukagua vingine vyote, ni kazi ya jicho lililozoezwa kando ya mtu anayejua.

Marekani walilitambua hili zamani. Chuo chao cha mabingwa wa tiba ya wanyama wa maabara, ACLAM, kilianzishwa mwaka 1957. Daktari mwenye shahada tayari huingia mafunzo ya ubingwa, aghalabu miaka miwili au mitatu, akifanya kazi chini ya mabingwa: leo kwenye upasuaji na usingizi wa dawa, kesho kwenye patholojia, keshokutwa ndani ya kamati inayopitia maombi ya utafiti, halafu usimamizi wa majengo, hewa, joto, chakula na karantini. Lazima pia afanye utafiti wake mwenyewe na kuuchapisha akiwa mwandishi wa kwanza, ndipo akubaliwe kukaa mtihani. Ulaya nako kuna chuo cha namna hiyo.

Wapo wanaolalamikia sharti la kuchapisha. Wanauliza daktari wa kutibu panya anahitaji makala ya nini. Mimi naliunga mkono kwa moyo wote. Siku mtafiti atakapokwambia, "Daktari, dawa ya maumivu itaniharibia data," hutamshinda kwa huruma peke yake. Itabidi umweleze kwamba maumivu nayo yanaharibu data: mnyama anayeumia hali vizuri, halali vizuri, homoni za msongo zinapanda na kinga yake inayumba. Kisha ujue la kumpa. Kama anachunguza uvimbe wa tishu, dawa ya kupunguza uvimbe inaweza kweli kumvuruga, basi mnaangalia kama buprenorfini, dawa ya maumivu ya aina nyingine, inafaa, na mnaipa vikundi vyote vya majaribio sawasawa. Mazungumzo hayo huyawezi kama hujawahi kuhangaika na data zako mwenyewe.

Na hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Kikubwa ambacho mafunzo ya ubingwa yanampa kijana ni uwezo wa kumwambia profesa "simamisha". Mwaka 1981 huko Silver Spring, Maryland, polisi waliwatoa nyani 17 kwenye maabara moja, na shauri lililofika mahakamani lilihusu kukosekana kwa huduma ya kutosha ya daktari wa wanyama. Hukumu ilitenguliwa baadaye kwenye rufaa, lakini mwaka 1985 sheria ya Marekani ya ustawi wa wanyama ilifanyiwa marekebisho, na tangu hapo kila taasisi inayohusika sharti iwe na kamati ya kusimamia wanyama wa utafiti yenye daktari wa wanyama ndani yake. Mamlaka yapo kwenye karatasi. Kuyatumia mbele ya mtu mwenye mvi, ruzuku kubwa na wanafunzi wanaongoja kuhitimu, hilo hujifunzi mpaka umesimama pembeni ukamwona mkubwa wako akilifanya kwa adabu, bila kurudi nyuma, na mtafiti akaendelea kumheshimu.

Kwetu msingi upo. Kabete kuna skuli ya udaktari wa mifugo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, yenye mifugo ya utafiti, iko Nairobi hapo hapo. Karen kuna taasisi ya utafiti wa nyani, ambayo chimbuko lake ni kazi ya Louis Leakey mwaka 1960, na nyani wake wametumika kutafiti kichocho na magonjwa mengine yanayotusumbua sisi wenyewe. Morogoro, Tanzania, kuna Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Mwanafunzi wa ubingwa angeweza kuzunguka sehemu hizi kwa miaka mitatu akakutana na ng'ombe, nyani, sungura na panya, bila kupanda ndege kwenda ughaibuni.

Nitaambiwa madaktari wa mifugo ni haba na wafugaji wanawangoja vijijini. Ni kweli, na mimi nimetoka huko. Lakini siombi darasa la watu hamsini. Naomba wawili au watatu kwa mwaka, kwa nchi zetu zote pamoja. Na chanjo ya huyo mfugaji inaanzia kwa sungura mwenye vifuko masikioni.

Fedha zake zitoke kwenye ruzuku za utafiti: kila mradi unaotumia wanyama uchangie sehemu ndogo kwenye mfuko wa chuo, na chuo kiwalipe wanafunzi hawa na mabingwa wanaowafundisha. Mradi usimlipe daktari moja kwa moja hata senti moja, kwa sababu kesho huenda akalazimika kuufunga.