Tangi la choo libadilishwe, lisitolewe

Wiki jana niliambiwa neno ambalo mpaka leo halijanitoka rohoni. Nilikuwa nimejikunja kwenye omo, mbele kabisa ya mashua ya mteja wangu tunayemwita Mwalimu, kichwa chini ya kitanda, tochi mdomoni, natafuta tangi la choo, lile linalotunza uchafu mpaka umwagwe mbali, linavujia wapi. Jirani mmoja mwenye boti yake hapo hapo horini akaja na kidau, akachungulia, akasema: "Fundi, mbona wajitesa? Toa hilo dude, unga mpira wa choo moja kwa moja kwenye tundu la nje. Bahari ni kubwa hiyo."

Bahari ni kubwa. Miaka yote ya kazi yangu nalisikia neno hili, kwa wageni na kwa wenyeji, na limenichosha.

Hori la Kilifi si bahari kuu. Mdomo wake ni mwembamba, ndani linapanuka mpaka Bahari ya Wali. Maji yakipwa yanatoka, yakijaa mengi yake yanarudi yale yale, mara mbili kila siku ya Mungu. Ukipiga pampu ya choo maji yakiwa yanajaa, ulichokitoa kinakwenda ndani, mikokoni, kule akina mama wanakobandua chaza kwenye mizizi. Chaza hula kwa kuchuja maji. Kilichomo majini kinabaki mwilini mwake, na wako watu wanaomla mbichi kwa ndimu. Homa ya matumbo, kipindupindu, homa ya ini aina ya A, zote zinaijua njia hiyo. Na jioni nenda ukatazame watoto wanavyojirusha majini kutoka gatini. Mwanangu alijifunza kuogelea pale akiwa na miaka sita. Alikuwa akimeza maji, anakohoa, anacheka, anaruka tena. Nikilikumbuka hilo halafu nisikie mtu mzima akiniambia nitoe tangi, damu inanichemka.

Jirani akanitolea sheria. MARPOL, mkataba wa mataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, akasema, haumgusi yeye na mashua yake ya futi 32. Namkubalia shingo upande, kwa sababu ni kweli: kiambatisho cha nne, cha majitaka, kilichoanza kutumika 2003, ni cha meli zinazokwenda nchi za nje, za tani 400 na zaidi, au zenye kibali cha kubeba watu zaidi ya 15. Hizo ndizo zinazotakiwa zifike zaidi ya maili 12 za bahari kutoka nchi kavu kabla ya kumwaga majitaka yasiyotibiwa, tena zikiwa mwendoni, si chini ya noti 4, yaani maili 4 za bahari kwa saa. Lakini kinyesi cha mtu kwenye boti ndogo ni kile kile cha mtu kwenye meli. Wenzetu wameliona hilo. Marekani ni kosa hata kwa boti ndogo kumwaga choo kisichotibiwa ndani ya maili 3 za pwani. Uswidi tangu 2015 imekataza boti za starehe kumwaga choo popote kwenye maji yake. Sisi tunangoja nini?

Nakubali pia kwamba vyoo vya mji vinavyovuja vinatia uchafu mwingi kuliko mashua ishirini zilizotia nanga. Sawa. Vyoo vya mji havikuletwa kwangu kutengenezwa, hili tangi ndilo lililoletwa.

Babu yangu alikuwa baharia wa majahazi ya boriti, kutoka Lamu mpaka Arabuni. Choo chao kilikuwa kisanduku cha mbao kinachoning'inia shetri, nyuma ya chombo, chini yake mawimbi. Tangi hawakulijua. Lakini alituambia kwamba jahazi likishatia nanga bandarini, nahodha wao hakuruhusu mtu kukipanda kile kisanduku. Aliyebanwa alishuka pwani. Maji ya bandari, alisema babu, ni ya watu.

Sasa turudi kwenye tangi lenyewe. Mashua ya Mwalimu ni ya faiba, iliundwa Uingereza 1978, na tangi lake la stenles liliwekwa kabla sitaha haijafungwa juu. Nilipong'oa plaiwudi ya kitanda nikaona ukoko mweupe umefuata mshono wa kuchomelea, na katikati yake kitone cha maji ya kahawia. Nikakifuta. Nikahesabu mpaka ishirini, kikarudi. Tundu lenyewe ni dogo kama ncha ya sindano.

"Mwanangu, si tulichomelee tu?" Mwalimu akauliza. Amestaafu, na bei ya tangi jipya ilimuuma, namuelewa. Nikamwomba aupapase mshono wote kwa kidole. Ulikuwa na vishimo kama chapati iliyoungua. Mkojo na maji ya chumvi hula chuma, na huanzia mahali palipochomelewa. Ukiziba tundu leo, mwezi ujao utaziba jingine, na kila safari ngama, kule chini kabisa ya mashua, imejaa uvundo. Kwa choo, tangi ni plastiki nene, milimita 9 hivi, na viungo vyote vikae juu. Pipa la maji lenye ukuta mwembamba halifai. Mashua ikilala upande kwa upepo, lita 70 ni kilo 70 zinazogonga ukuta wake.

Hapa nawasihi mafundi vijana. Tangi hilo halikupita mlangoni, ikabidi tulikate vipande vitatu. Msilikate kabla ya kulisuuza na kulijaza maji, na msilitie grainda, maana humo mna gesi inayoshika moto. Fungua madirisha yote. Ile harufu ya yai viza ikizidi huua pua kwanza, unadhani imekwisha kumbe ndiyo imekuwa nyingi, na imeshaua watu.

Kabla ya kuagiza jipya nilitengeneza tangi la mfano kwa katoni ya televisheni, nikalipitisha mlango wa kuteremkia, nikalilaza chini ya kitanda. Lilikwama mara mbili. Nilipunguza sentimita nne upande mmoja ndipo nikaagiza.

Mipira nayo tuliitupa yote. Ipanguse kwa kitambaa cha maji moto kisha unuse kitambaa. Kikinuka, mpira umeshakunywa uvundo. Wetu wa milimita 38 nilipoukata ulikuwa na jiwe jeupe ndani, pete juu ya pete, hata kidole changu cha mwisho kilipita kwa shida. Bomba la kupumulia nimelitoa milimita 16 nikaweka 25, limenyooka, maana tangi lisilopata hewa ndilo linalonuka.

Tulilijaza maji safi, tukatandaza magazeti chini yake, tukaliacha usiku kucha. Asubuhi Mwalimu akayageuza karatasi moja moja, yamekauka yote. Akanishika mkono, hakusema kitu.

Tumekubaliana litamwagwa nje, mbali, si hapa. Yeye huenda kuvua jodari huko huko, na maili 12 kwa noti 5 ni kama saa mbili na nusu. Jumamosi tulitoka mapema. Nchi ilipobaki ufito tu magharibi, akafungua valvu, akapiga pampu ya mkono mpaka ikanyonya hewa. Nami nikaifunga valvu kwa waya, nikausokota kwa koleo, ndipo tukageuza omo kurudi nyumbani.