Siku niliyoandika boila yetu ina maji ya betri

Nasimulia sasa hivi kwa sababu miaka imepita na aibu imeshapoa kidogo, ingawa jamaa niliofanya nao kazi mpaka leo wakiniona wananiita Mikro.

Nilikuwa mgeni chumba cha boila, wiki ya pili tu. Valvu ya blodauni, ile ya kumwaga maji yenye chumvi nyingi, inayojifungua yenyewe ilikuwa imekufa, kwa hiyo kazi ikawa ya mikono, kila lisaa unachota sampuli ya maji, unapima kondaktiviti, yaani maji yanapitisha umeme kiasi gani, ikipanda unafungua valvu unamwaga maji kidogo, ikishuka unabana. Maji yanageuka mvuke yanaenda zake ila chumvi haziruki, zinabaki humo humo zinazidi kujazana, na kadiri zinavyojazana ndo umeme unapita kirahisi, mita inakuonyesha. Kipimo cha mwisho kinachoruhusiwa kwenye boila yetu kilikuwa mikrosimensi 3,500 kwa sentimita, kimebandikwa ukutani kwa namba kubwa unazisoma ukiwa mlangoni.

Na mi nilikuwa nataka nionekane mtu wa kazi. Asubuhi ile nikaisuuza probu mara tatu, nikakalibreti, yaani nikairekebisha mita kwa ule mchanganyiko wa chupa wenye kipimo kinachojulikana cha 1413, ikagonga 1413 kamili, nikajisikia profesa. Sampuli nikaiacha ipoe mpaka nyuzi 25, maana kila nyuzi moja ikizidi namba inaongezeka kama asilimia 2, halafu nikaigongagonga probu ndani ya bika viputo vya hewa vitoke, vikiganda kwenye elektrodi vinakudanganya namba iko chini. Yaani kila kitu kwa utaratibu, sijaruka hata kimoja. Nikatumbukiza.

2.91.

Nikacheki daftari, jamaa wa shifti ya usiku kaandika 2850. Jamani nilicheka peke yangu mle ndani. Nikasema huyu alikuwa anasinzia kaona nukta kaidhania vumbi. Nikaandika 2.91 na pembeni, kwa kalamu ya wino, nikaongeza kwa mwandiko mzuri kabisa: "Maji ni masafi sana. Shifti iliyopita ilikosea kusoma mita. Tuwe makini."

Nikaenda nikabana blodauni mpaka mwisho, sasa maji masafi hivyo ya moto nayamwaga ya nini?

Lisaa lililofuata 3.12, lingine 3.3, naandika tu huku napiga mluzi, kwa mwendo ule 3,500 tungeifikia nimeshastaafu. Saa nane mchana iko 4.3. Hapo ndo ile glasi ya kuonyesha kimo cha maji ikaanza kucheza, maji yanapanda yanashuka utadhani kuna mtu anayapulizia ndani, kumbe ni povu la chumvi kuzidi. Huko mbele mabomba yakaanza kugonga, watu wa uzalishaji wanapiga simu wanauliza huu mvuke au mvua, nikawajibu kwa kujiamini kwamba upande wangu maji ni masafi sana. Sijamaliza sentensi alamu ya maji kupungua ikalia na bena, ile inayowasha moto wa boila, ikajizima puu.

Mzee wa boila akaja. Hakukimbia, na hilo ndo lilinitisha zaidi. Akachukua daftari akasoma, akasoma tena, akakaa kwenye kiti. Akaniambia kijana, kalete lile dumu la maji ya betri, yale masafi yasiyo na chumvi. Nikaleta. "Pima." Nikapima, 2.3. "Sasa pima ya boila." 4.3.

"Kwa hiyo boila imechemka tangu asubuhi, imetiwa madawa, na maji yake karibu tuyauze ya betri?"

Na mimi, wallahi sijui ulimi ulitolewa wapi, nikajibu, "Inaelekea hivyo mzee."

Hakunijibu. Akachomoa kalamu akaelekeza kwenye kona ya skrini, kuna viherufi vidogo kama sisimizi. Kwenye maji ya betri ni mikro. Kwenye maji ya boila ni mili. Kumbe ile mita inajibadilishia skeli yenyewe, ikipita 1999 inahamia milisimensi, ambayo moja ni sawa na mikro elfu, na mi nilikalibreti kwa 1413 nikaona mikro nikaamini ni mikro maisha yake yote. 4.3 yangu ilikuwa 4,300, na hata ile 2.91 ya asubuhi ilikuwa 2,910, yaani jamaa wa usiku alikuwa sahihi kabisa na mchana kutwa mi nilikuwa nahifadhi chumvi.

Tukamwaga kidogo kidogo huku tunaongeza maji mapya mpaka jioni, kila nikipima mzee ananiuliza "mili au mikro?" na kila mtu aliyepita mlangoni anaitikia kwa niaba yangu.

Kesho yake nimeingia shifti nafungua daftari, ule ujumbe wangu umepigiwa mstari mwekundu na chini yake jamaa wa usiku kaandika: "Asante mwalimu, nimekuwa makini. Sasa hivi ni 2790, nukta nimeifuta vumbi."