Mfanyabiashara wa Edo ameonewa sana

Kila ikija mada ya Japani ya enzi za Tokugawa (1603 mpaka 1868) watu wanachora ileile ngazi, juu samurai, wakafuata wakulima, mafundi, na chini kabisa mfanyabiashara, halafu wanamalizia kwamba alistahili kukaa chini maana halimi, hafui chuma, hapigani, anakula tu jasho la wenzake. Ndo mafundisho ya Confucius yalivyokuwa na ukweli kidogo umo, ila huyo mfanyabiashara mi naona hajatendewa haki.

Chukua mshahara wa samurai. Ulihesabiwa kwa mchele, kipimo chake koku, kama lita 180, wa kumlisha mtu mmoja mwaka mzima. Sasa samurai keshatolewa kijijini, anakaa Edo, mji ambao leo ni Tokyo, shamba hana, kuchuuza ni mwiko kwake, na mjini kila kitu hela, mafuta ya taa hela, nguo hela, harusi ya binti hela. Hapo ndo anaingia fudasashi, dalali wa mchele wa Asakusa, mtaa wa Edo jirani na maghala ya serikali. Jina lenyewe limetokana na kijikaratasi, siku ya malipo jina la samurai liliandikwa kwenye kipande cha karatasi kikachomekwa kwenye fungu la majani makavu pale ghalani kungoja zamu. Dalali alimsimamia foleni, akapokea magunia, akauza, akampelekea keshi. Bei ya mchele ikishuka samurai anakopa kwa huyohuyo, rehani ni mchele wa msimu ujao, kisha wa msimu unaofuata. Hata Yoshimune, shogun yaani mtawala wa kijeshi wa nchi, alipotaka bei ipande, mwaka 1730 alilitambua rasmi soko la mchele la Dojima kule Osaka, soko la wafanyabiashara hao hao.

Mwaka 1789 Matsudaira Sadanobu, aliyekuwa anaiongoza serikali ya shogun, akaamuru madeni ya samurai kwa madalali hao ya zaidi ya miaka 6 yafutwe. Madalali 96 wakapoteza ryo, hela ya dhahabu ya wakati huo, zaidi ya milioni 1.18. Mi hii namba hainitoki kichwani, kwa sababu kwa makadirio ya kawaida ryo 1 ya dhahabu ilikuwa inanunua kama koku 1, kwa hiyo hapo pamefutwa mchele wa kulisha watu zaidi ya milioni kwa mwaka, yaani Edo nzima na chenji inabaki! Na nini kikafuata? Madalali wakakunja mikono, mwisho wa mwaka ukafika samurai hana pa kukopa, na serikali ilishalazimika kutenga hela ya kuwakopesha madalali ili wao wawakopeshe samurai. Ukimkata mtu mkono anaokulishia unabaki kuutafuta.

Wanaowalaumu wana hoja. Riba iliuma kweli, leo tungeiita kausha damu, na matajiri wengine walitapanya hela kwa fujo huko Yoshiwara, mtaa wa madanguro wa Edo. Kwenye njaa ya miaka ya 1830 watu wa Osaka walikufa huku maghala ya matajiri yana mchele, mpaka Oshio Heihachiro, ofisa wa zamani wa polisi, akauza vitabu vyake alishe masikini, na 1837 akaanzisha uasi sehemu kubwa ya mji ikaungua. Hilo silitetei hata kidogo. Ila waraka wake Oshio uliwashika maofisa pamoja na matajiri, na hapo ndo penyewe, kwa sababu ule mchele wote ulitoka kwa mkulima, daraja la pili kwa jina, anayetozwa sehemu 4 mpaka 5 kati ya 10 za mavuno, na mwenye kutoza alikuwa bwana wa eneo. Dalali aliukuta mchele ushafika ghalani.

Kule Aoyama, mtaa mwingine wa Edo, samurai wa ngazi ya chini walikuwa wanatengeneza miamvuli nyumbani, mianzi, karatasi, gundi, mke na watoto wanasaidia, panga mbili zikiwa bado haki yake. Aliyekuja kuichukua miamvuli ikishakauka na kumwachia hela alikuwa mfanyabiashara.