Sikuokolewa na Kima

Ndugu zangu, punguzeni kwanza kunitumia vikatuni vya nyani. Nawaomba kwa heshima zote. Ile sauti inayozunguka kwenye magrupu tangu juzi usiku, ya huyu jamaa yangu wa Tanga, nimeisikiliza yote kwa simu ya kuazima, hadi pale anapoishiwa pumzi kwa kucheka. Kwanza, hakuwepo. Yeye anasoma huku huku Indonesia, lakini Yogyakarta, kisiwani Jawa. Mimi niko Sumatra, kati yetu kuna bahari. Alichokiona ni kipande cha video alichorushiwa na mtu, na huyo mtu namjua, tunakula naye sinia moja. Pili, anasema eti "mwenzetu kaenda haja, kadumbukia, kaopolewa na nyani." Uongo mtupu. Sikwenda haja. Na kule nyani hakuna. Yule ni beruk, kima mnene mwenye kamkia kafupi, na hakuniokoa. Alikuwa tu upande wa pili wa kamba.

Najua. Hata mimi nikiisoma sentensi hiyo naona hainisaidii. Ngojeni nianze mwanzo.

Mnaonifuatilia mnajua niko wapi: kile kijiji cha jirani na Bonjol, kaskazini ya Bukittinggi, huko ambako barabara ya kwenda Medan inakatwa na mstari wa ikweta. Ndipo nilipopiga ile picha mguu mmoja kaskazini, mguu mmoja kusini, mkaniuliza kwa nini nimepanda ndege kuifuata ikweta wakati Nanyuki ipo na nauli ni ya basi. Haya. Chuo kimetuleta huku mimi na wenzangu wa Padang kwa ile programu yao ya KKN, ambapo mwanafunzi anaachwa kijijini afanye kazi na wanakijiji. Kazi yetu sisi ni kuandika wasifu wa kijiji. Waminangkabau, wenyeji wa huku, kijiji chao wanakiita nagari, na nagari inatakiwa iwe na wasifu wake ofisini: mipaka, kaya, majaruba ya mpunga, kahawa, kakao, misikiti, mabwawa, vyoo.

Kazi ikagawanywa, na hapa naomba mwone jinsi mgeni anavyoonewa. Aliyechukua historia kapata Tuanku Imam Bonjol, shujaa aliyepigana na Waholanzi mpaka wakamkamata mwaka 1837, akafia uhamishoni kule Minahasa mwaka 1864, sura yake ikaja kuwekwa kwenye noti ya rupia 5,000. Aliyechukua mila kapata kukaa na kina mama kwenye rumah gadang, zile nyumba zenye paa la pembe, anaandika sentensi mbili, analetewa nyama ya rendang, anaandika ya tatu. Mimi nikaachiwa "miundombinu ya maji na usafi". Yaani mabwawa na vyoo.

Tatizo ni kwamba hapa kijijini, kwa nyumba za zamani, hivyo vitu viwili ni kitu kimoja.

Kando ya nyumba kuna bwawa la samaki, wanaliita tabek. Juu ya bwawa kuna kibanda cha mbao kisicho na paa, ndani kuna tundu. Chini ya tundu kuna samaki. Mengine malizieni wenyewe. Mimi silicheki jambo hilo, maana hakuna kinachopotea, na bibi mwenye nyumba tuliyofikia alinieleza kwamba samaki akitakiwa jikoni huhamishiwa kwanza kwenye maji ya chemchemi akakaa huko siku kadhaa kujisafisha. Alinieleza hayo nikiwa na kichwa cha samaki mkononi, sahani ya pili.

Kuta za kibanda ni fupi. Ukichuchumaa, kichwa kinabaki nje. Na Waminangkabau ni watu wa salamu, hawapiti mtu kimya. Salamu yao ya njiani ni "Ka ma?", unakwenda wapi, na hawasubiri jibu la maana, kama sisi na "za huko utokako". Sasa wewe umechuchumaa juu ya bwawa, kichwa ndicho kinachoonekana, mzee anapita na jembe begani: "Ka ma, Da?" Unakwenda wapi, kaka? Utajibu nini? Mimi siku ya kwanza nilijibu, "Siendi popote, mzee." Akaitikia vizuri tu, akapita.

Basi ikafika Alhamisi. Camat, yaani mkuu wa tarafa, anakuja kupokea wasifu. Kina mama wako jikoni tangu alfajiri, mikeka imetandikwa, watu watakula pamoja kwa masinia, wenyewe wanaita makan bajamba. Nami kwa kuwa ni siku kubwa nikavaa kanzu yangu ya Idi, nyeupe, na kofia ya viua. Kijiji kizima Waislamu, wakaipenda. Wazee wakaishika kitambaa. Nikapita mbele ya jiko mara mbili bila sababu.

Saa moja kabla ya mgeni, kiongozi wetu wa kikundi, binti wa Padang asiyetaka mchezo na takwimu, akagundua kwenye fomu yangu kuna kisanduku kitupu. Choo cha bibi yetu wenyewe hakijakaguliwa. Nimekagua vya watu wote, cha nyumbani nimekiruka. Nikachukua fomu na kalamu, nikatoka. Kwa hiyo narudia, na wa Tanga asikie: nilikwenda kukagua. Kikazi.

Hapa tuende polepole.

Daraja la kwenda kibandani ni mianzi miwili imelazwa sambamba, hakuna pa kushika. Nikaweka mguu wa kulia. Kimya. Nikaweka wa kushoto. Mwanzi ukalia, mlio mdogo tu, na mlio huo ukawaita samaki. Mjue samaki wale wana akili: mwanzi ukilia, kwao ni kengele ya chakula. Gurami wakubwa, wapana, wakaja kutoka kila kona wakajipanga chini yangu, vinywa juu, vinafunguka, vinafumba. Nikawaambia kwa Kiswahili, jamani leo sina kitu.

Nikapiga hatua nyingine. Sasa niko katikati. Mwili wangu mnaujua. Mama hakunilea kwa uchoyo. Wenyeji wengi wa hapa ni watu wepesi, na mianzi ile ilikuwa imezoea watu wepesi. Halafu huku ikweta hakuna kiangazi cha kueleweka. Mvua Januari, mvua Julai, mwanzi haupati nafasi ya kukauka, unaoza hivyo hivyo ukiwa kazini. Wa kushoto ukalia mara ya pili, sauti imenenepa kidogo. Mtu mwenye akili zake angerudi. Mimi nikatoa kalamu, nikakitafuta kisanduku, nikaandika: "Hali ya daraja: wastani". Nukta sikuwahi kuiweka.

Mwanzi wa kushoto uliondoka. Sisemi ulivunjika, uliondoka. Wa kulia ukabaki, nami nikashukia juu yake, mguu mmoja kaskazini, mguu mmoja kusini. Kina baba, hapo tuheshimiane, tusiulizane maswali. Watu wanasema nilipiga kelele. Ile haikuwa kelele, ilikuwa ni hewa inatoka. Nikaukumbatia mwanzi kwa mikono na miguu. Nao ukaanza kuzunguka, taratibu, bila haraka yoyote, nami nikazunguka nao. Nikaliona paa la nyumba. Nikauona mnazi. Nikaiona mbingu. Halafu nikawaona samaki kwa karibu sana. Kofia ilitangulia, wakaipokea. Mimi nikawa naning'inia chini ya mwanzi, mgongo kwa samaki, kanzu imepanda na kunifunika uso, na ndani ya kanzu hiyo, nalisema hili kwa sababu video imekatwa hapo na nataka liwekwe kwenye kumbukumbu, nilikuwa nimevaa bukta.

Kisha bukta, kanzu, fomu na simu, vyote kwa pamoja.

Maji yalinifika kifuani, tope magotini. Kanzu ikajaa hewa, ikavimba pande zote, nikawa nimesimama katikati ya bwawa mithili ya andazi ndani ya karai. Samaki walikimbia. Baadaye wakarudi. Bado walikuwa na matumaini.

Nikageuka kutafuta pa kutokea, na pale ukingoni, sare yake imenyooka, viatu vinang'aa, msafara wake nyuma, amesimama mkuu wa tarafa. Amewahi. Mimi namtazama, yeye ananitazama. Namna gani utamsalimia mtu aliye bwawani na kanzu? Lakini yule bwana kalelewa. Akainamisha kichwa kidogo, akasema kwa upole kabisa:

"Ka ma?"

Nikajibu: "Hapa hapa tu, Pak."

Sasa tufike kwa huyo kima mnayempigia makofi. Kando ya bwawa kuna mnazi, na juu ya mnazi alikuwemo beruk, yuko kazini. Huku Sumatra Magharibi nazi nyingi huangushwa na hawa. Kule Pariaman, pwani, ndiko wanakosifika kwa kuwafundisha. Anafungwa kamba ndefu, anapanda, anaishika nazi kwa mikono na miguu, anaisokota mpaka inakatika. Mwenyewe anakaa chini na kamba anamwelekeza kwa sauti. Siku ile walikuwa wanaangusha nazi za karamu. Nilipoanguka, beruk akashtuka, akaiachia nazi aliyokuwa akiisokota, ikapiga maji hatua moja kutoka kichwani kwangu. Nikapata wimbi la pili usoni, mkuu wa tarafa akapata la kwake kwenye viatu.

Mzee mwenye kima akaona hakuna muda wa kwenda kutafuta kamba nyingine. Akanirushia ile ile, sehemu ya katikati. Nikaishika. Akavuta. Sasa fikirini: mwisho mmoja wa kamba uko kwa mzee, katikati niko mimi na kilo zangu, mwisho wa pili uko kwenye ukosi wa mnyama aliye juu ya mnazi, ambaye hakuna aliyemshirikisha kwenye uamuzi huu. Beruk akashuka mnazi mbio kuliko alivyoupanda. Alipofika chini akaishika kamba kwa mikono miwili, akakita miguu kwenye udongo, akaegemea nyuma, akakenua meno. Hicho ndicho kipande mnachokiona kwenye video: mzee anavuta, kima anavuta, mimi natambaa kutoka majini. Ukitazama kutokea barazani ni kweli inaonekana wanasaidiana. Lakini yule hakuwa ananivuta mimi. Alikuwa anaitetea shingo yake.

Nimemaliza. Yaliyofuata ni mafupi. Simu ilikufa. Kiatu cha kushoto bado kiko chini. Nilimwagiwa ndoo nyingi sana, watu wakala, fomu ilianikwa juu ya jiko, na wasifu umepokelewa ukiwa na harufu. Kwenye kisanduku changu kiongozi wetu amefuta "wastani" akaandika "mbaya", na kwenye maelezo ya ziada: "imethibitishwa". Asubuhi yake wanaume wakajitokeza kwa msaragambo, huku wanaita gotong royong, wakalaza magogo mawili ya minazi. Wakaniambia nipite wa kwanza. Wote wamesimama, hakuna anayecheka, wananitazama miguu.

Kilichobaki ni suala la kugombezwa. Maana ilikuwa lazima nigombezwe, bibi alilisema hilo waziwazi. Lakini yeye hawezi kunigombeza. Bwawa ni lake, nyumba ni yake, alirithi kwa mama yake na atamwachia binti yake, ndivyo mali ya ukoo inavyokwenda kwa Waminangkabau. Ila kumkanya kijana ni kazi ya mamak, kaka wa mama. Na mimi mjomba wangu yuko Handeni. Jambo likapelekwa kwenye kibanda cha kahawa, kule wazee wanakobamiza domino na kunywa chai iliyopigwa kwa kiini cha yai. Wakajadili, wakanitafutia mjomba wa hapa hapa, wa kuniweka sawa. Wakamteua mzee mwenye kima.

Akanigomba vizuri, kwa utaratibu, kuanzia kanzu hadi kalamu. Nikadhani yameisha.

Jana jioni, saa kumi na mbili na ushee, wakati ambao jua la huku huzama karibu mwaka mzima bila kubadili ratiba, mjomba akaniita. Nilidhani ananipa pole. Kumbe kapata habari kwamba kuna mtu Jawa anatangaza beruk wake anaopoa watu, na watu wa kitongoji cha pili wameshakuja kuuliza bei. Amekasirika sana. Beruk wake ni wa nazi. Tena tangu Alhamisi mnyama amegoma kuupanda ule mnazi. Akifika chini anakaa, anaangalia bwawa, ananiangalia mimi. Mjomba anasema kumrudisha kazini kunataka mayai mabichi kila asubuhi, na wa kuyatoa ni mpwa.

Trei nimeshanunua. Wa Tanga, nusu ni yako, na namba ya kutuma unayo.