JUnit au TestNG: lililoanguka na lililorukwa

Wiki iliyopita mdogo mmoja tunayefanya naye kazi hapa Lubumbashi alinijia na sauti ya mtu aliyekwisha kuamua: “Yaya, hii TestNG tunaishikilia ya nini? Watu wote wako kwenye JUnit.” Tunatengeneza tovuti ya maajenti wanaoandikisha malori yanayopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Majaribio yake yanafungua kivinjari kwa Selenium, zana ya kukiendesha kivinjari bila mkono wa mtu, na yameandikwa kwa Java. Kiunzi cha kuyaendesha, JUnit au TestNG, ndicho kimetugawa.

Mdogo ana hoja. JUnit, kazi ya Kent Beck na Erich Gamma, ina umri wa tangu 1997, na JUnit 5 ya mwaka 2017 iliziba mapengo mengi yaliyokuwa yakiwahamisha watu: jaribio moja kulishwa data tofauti, lebo, viongezo vya kujiandikia. Anayetumia Spring Boot, kiunzi cha kujengea programu za Java, anaikuta imekwisha kuwekwa. Tena JUnit, usipoiambia vingine, huunda upya kitu (object) cha darasa (class) la majaribio kwa kila jaribio, hivyo takataka za jaribio moja hazimwagikii jingine. Hapo TestNG imetuumiza kweli. Kwake darasa zima hutumia kitu kimoja, na siku tulipoendesha majaribio sambamba bila kuupa kila uzi (thread) kivinjari chake kwa ThreadLocal, hifadhi ya kila uzi peke yake, namba ya lori moja ilijiandika kwenye fomu ya lori jingine. Tulicheka, lakini baada ya saa tatu za kutafuta.

Lawama kubwa ya TestNG, hata hivyo, ni nyingine: inaruhusu jaribio moja litegemee jingine kwa dependsOnMethods, na walimu wetu wote walitufundisha kwamba kila jaribio lijitegemee. Kwa msimbo unaokokotoa ushuru, sibishi. Lakini ajenti gani amewahi kuchapa risiti kabla ya kuingia kwenye mfumo na kufungua faili la lori? Utegemezi umo ndani ya kazi yenyewe. Cédric Beust, aliyeanzisha TestNG mwaka 2004, aliupa tu mahali pa kuandikwa.

Chukua asubuhi moja. Mwenzetu wa kurasa alibadilisha id ya kitufe cha kuingia, yaani jina ambalo majaribio hukitafutia, bila kusema. Tulikuwa na majaribio 26 yaliyoandikwa kwa viunzi vyote viwili ili tulinganishe, kila moja likikisubiri kitufe sekunde 10. Upande wa JUnit ulimaliza baada ya dakika nne na ushee: mekundu 26, kila moja na mkia wake mrefu wa makosa. Unasoma la juu, unashuka, unahisi mfumo wote umebomoka. Upande wa TestNG: moja limeanguka, 25 yamerukwa, na kazi ikaisha kabla chai haijapoa. Lililoanguka lilijaribiwa likakutwa na kosa, lililorukwa halikufikiwa. Yule anayempelekea mteja taarifa saa mbili asubuhi anahitaji tofauti hiyo kuliko kitu kingine chochote. JUnit nayo inaweza kuliacha jaribio sharti lisipotimia, na @Order hupanga foleni, ila foleni peke yake haiyazuii ya nyuma la mbele likianguka. Kizuizi utajiandikia mwenyewe.

Halafu kuna umeme. Ukikatika, laptopu inaendelea kwa betri lakini modemu inazima, na majaribio ya katikati yanaanguka kwa kukosa mtandao. Mwishoni TestNG huandika faili la testng-failed.xml lenye yale yaliyokwama pamoja na yale ambayo hayo yaliyokwama huyategemea, kuingia kukiwemo. Umeme ukirudi jioni unaendesha hayo tu, na mega zako zinabaki. Kwa JUnit, Maven, zana ya kujenga miradi ya Java, inaweza kurudia yaliyoanguka, lakini ndani ya mwendo uleule, wakati modemu bado imelala. Nikiri: laptopu yenyewe ikizima kabla ya mwisho, faili hilo hutalipata.

Mnyororo ukirefuka unakuwa mzigo, hilo nalo nalijua. Tulifikia mahali jaribio la 14 haliendi bila 13 ya mbele yake, na majina ya utegemezi ni maandishi tu: badilisha jina la moja, TestNG inakataa kuanza. Sasa utegemezi tumeubakiza kwa kuingia na kufungua faili la lori, basi. Hesabu za ushuru ziko JUnit, kwenye moduli yake, na hakuna anayezigombea.

Mdogo ameniomba tena tufute TestNG mwezi ujao. Nimemwambia kwanza aniandikie hicho kizuizi kwa JUnit, kisha tukijaribu siku modemu ikizima.