Tulipwelewa Mbele ya Meli

Meli kuingia Mto Pangani si jambo la kila wiki. Zama za misafara ya pembe, bandari ilikuwa hapa. Wajerumani walipoanza kujenga reli Tanga mwaka 1893, vyombo vikahamia huko. Siku hizi tuna mashua za wavuvi, jahazi mojamoja, na kivuko cha Bweni kinachokwenda na kurudi kama mtu aliyesahau funguo.

Basi alfajiri hiyo ikaingia meli ya matanga, nyeupe, milingoti miwili, imejaa watalii. Ilikuwa imengoja nje mpaka maji yajae ndipo ivuke fungu la mdomoni. Kulipokucha, wenye simu wote walikuwa wamejipanga ukingoni wanapiga picha ileile moja. Mimi ni mpiga picha wa harusi, bwana. Nikataka ya kutoka majini, jua mgongoni.

"Shikamoo babu. Nifikishe pale katikati."

"Marahaba mjukuu wangu. Leo bamvua, maji yakitoka hayaagi mtu."

"Dakika tano tu."

Akatazama maji, akanitazama mimi, akapokea hela.

Dakika tano za mpiga picha mnazijua. Babu, kushoto kidogo. Babu, rudi nyuma. Babu, kichwa chako kimeingia. Mara mtumbwi ukakwaruza chini. Babu akatia upondo, ukazama shubiri moja ukagoma.

"Tumepwelewa," akasema, akatafuta tumbaku yake.

Nikashuka nisukume. Tope likanimeza mpaka gotini. Nikavuta, mguu ukatoka, ndala ikabaki. Mguu wa pili nao ukaenda kumtafuta ndugu yake. Kamera nimeinyanyua juu kwa mikono miwili, kaa wametoka mashimoni kuja kuona kulikoni.

Hapo ndipo watalii walipojaa upande mmoja wa meli, kila mtu na kamera yake, zote zimetuelekea sisi. Babu alipowaona akavua kofia, akaipangusa, akaivaa sawasawa, akasimamisha upondo ubavuni.

"Simama vizuri," akaninong'oneza. "Usituharibie."

Kivuko nacho kikapita. Mama mmoja akapaza sauti: "Mpiga picha, cheka kidogo!" Maneno yangu hayo, ninayowaambia maharusi!

Maji yalirudi adhuhuri imeshasaliwa. Nilikuwa nimeungua mpaka masikio. Babu alikuwa amelala zamani.

Jioni picha ikawa imeenea WhatsApp. Kijana wa Tanga anayefanya kazi melini alimtumia shemeji yake, shemeji akaiweka status, basi tena. Na ilikuwa nzuri, tuseme kweli: mikoko nyuma, mwanga umetulia, babu kama sultani, mimi mikono juu nimesalimu amri.

Kesho yake akanipigia bwana harusi mmoja wa Muheza, ambaye tulishapatana bei.

"Kaka, ile picha ya topeni umeiona?"

"Nimeiona."

"Hebu nipe namba ya aliyeipiga."